Kuacha Kazi na Kuachishwa Kazi

Mtu arudipo kwao Runazi, huku kwetu Biharamulo, godoro lake likiwa limekunjwa na kufungwa juu ya basi, pamoja na sanduku la bati na beseni alilolinunua kwa mshahara wake wa kwanza, majirani huja kumjulia hali, na kwa kuwa adabu yetu haimruhusu mtu kumwuliza msafiri sababu ya kurejea kwake kabla hajatua mzigo na kunywa maji, huwa ni yeye mwenyewe aanzaye kusema, na neno alisemalo aghalabu ni hili: "Nimeacha kazi." Hakuiacha. Mkandarasi amemaliza kipande chake cha barabara, au mradi umefungwa, au mwajiri amepunguza watu na jina lake likawamo katika orodha iliyobandikwa ukutani. Lakini kusema "nimeachishwa" mbele ya mkwe, na mbele ya vijana waliomwona akiondoka kwa fahari, ni jambo linalokwama kooni, basi hulifunika kwa kitenzi kilicho chepesi zaidi. Mbele ya majirani uongo huu mdogo haumdhuru mtu. Mbele ya karani wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, humgharimu mshahara wa miezi miwili.

Kadhia hii nimeiona ikijirudia mara nyingi, nami nimeombwa mara nyingi zaidi kuandika barua za kulalamika baada ya mambo kuharibika, hata nikaona ni afadhali niyaeleze mapema kwa mapana, ili mwenye kazi leo ayasome angali kazini. Maana fao la kukosa ajira haliombwi siku ya kukosa ajira. Siku hiyo ni ya kukusanya tu kile ambacho mtu alikiweka sawa tangu zamani, au kukosa kile alichokitaghafali.

Na tuanze na asili yake, japo kwa ufupi. Tangu 1964, ulipowekwa mfuko wa akiba ulioitwa kwa herufi zake NPF, na hata baada ya NSSF kuchukua mahali pake kwa sheria ya 1997, mfanyakazi wa Tanzania alizoea kuihesabu michango yake kuwa ni amana yake binafsi, ambayo kazi ikikoma huiendea, huidai na kupewa. Na njia hiyo ikajulikana kwa jina la fao la kujitoa. Wazee wa Ngara watakumbuka namna watu wengi walivyokuja kuijua njia hii baada ya zile kambi za wakimbizi wa Kinyarwanda, zilizojaa ghafla Aprili 1994 pale watu walipovuka daraja la Rusumo, kufungwa mwishoni mwa 1996, na madereva, wauguzi na walinzi wa maghala waliokuwa wakilipwa na mashirika wakajikuta hawana ijara. Mwaka 2012 sheria ilipojaribu kuifunga njia hiyo, kelele zilizuka, na kelele za wachimbaji wa migodini zilisikika kuliko zote, kwa kuwa mchimbaji anajua kwamba mgodi una umri kama alivyo na umri mwanadamu. Nasi wa Biharamulo hatukuhitaji kuambiwa hilo na mtu, maana mgodi wa Tulawaka, ulioanza kutoa dhahabu 2005, ulikuwa umefikia mwisho wake mikononi mwa wenyewe wa kwanza kufikia 2013, ukapokewa na shirika la serikali.

Mwaka 2018 ndipo mambo yalipogeuka. Fao la kujitoa likaondoka, na mahali pake pakawekwa fao la kukosa ajira, kwa wanachama wa NSSF walio katika kazi za watu binafsi, na kadhalika kwa watumishi wa umma walio chini ya mfuko wa PSSSF ulioanza Agosti mwaka huohuo. Wengi hawakulipenda badiliko hili, wala mimi sisemi kwamba wote walikosea, kwani mtu aliyezoea kuona akiba yake yote mkononi, akaishia kununua ng'ombe wawili na bati za nyumba, hawezi kufurahi kupewa kwa kipimo cha kijiko. Lakini sheria ndiyo hiyo, na mwenye busara huuliza kijiko kina ujazo gani.

Ujazo wake ni huu. Mwanachama aliyechangia miezi 18 au zaidi, akakosa kazi pasipo yeye mwenyewe kuiacha, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa muda usiozidi miezi sita. Basi aliyekuwa akipata shilingi 450,000 atalipwa kama 150,000 kwa mwezi, na miezi sita ikitimia atakuwa amepokea 900,000, ambazo ndizo mishahara yake miwili. Aliyechangia chini ya miezi 18 hupewa mkupuo wa nusu ya michango yake: mathalan, mtu wa mshahara wa 300,000, ambaye kwa ajili yake huingia mfukoni asilimia 20, yaani 60,000 kila mwezi, akiwa amechangia miezi 14 jumla yake ni 840,000, naye atapewa 420,000. Tena sharti awe raia wa Tanzania, awe hajafika miaka 55, na awe hajapata kazi nyingine. Sharti lililowaangusha wengi kuliko yote, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni lile la kutojiuzulu.

Waislamu wenzangu wataelewa upesi nikisema kwamba tofauti yake ni kama ile iliyopo baina ya mke aliyeachwa na mke aliyejikomboa kwa khului. Wote wawili wametoka katika nyumba ileile, na pengine kwa machungu yaleyale, lakini mmoja ana haki zake kamili na mwingine amezirudisha kwa mkono wake mwenyewe ili apate kutoka. Hakimu haangalii machozi. Huangalia nani alisema neno la kuachana. Na katika ajira neno hilo ni barua.

Sasa sikilizeni jinsi barua hiyo inavyopatikana. Mwajiri anayetaka kupunguza watu ana taklifu nyingi za kisheria juu ya shingo yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka awape wafanyakazi taarifa, ashauriane nao, awape notisi, ambayo kwa mwenye kulipwa kwa mwezi ni siku 28 zisizopungua, awalipe kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia hadi miaka kumi, na awasafirishe hadi mahali alipowaajiri. Hizi zote ni gharama. Basi hutokea siku moja afisa utumishi akamwita mtu ofisini, akafunga mlango, akamkaribisha kiti, tena kwa upole usio wa kawaida, akamwambia kwamba kampuni haina nia ya kumharibia jina, na kwamba itakuwa heshima zaidi kwake aandike mwenyewe barua fupi ya kuomba kuacha kazi, naye atapewa mshahara wa mwezi huo leo hii, taslimu. Karatasi na kalamu viko mezani. Mara nyingine barua yenyewe imekwisha kupigwa chapa, imebaki sahihi tu.

Nami naliwahi kukaa katika kiti hicho, miaka mingi iliyopita, kwa mwajiri nisiyemtaja, nikaisaini barua ile kwa sababu niliona haya kumkatalia mtu aliyenimiminia chai. Siku hizo hapakuwa na fao hili, hivyo hasara yangu ilikuwa ya kiinua mgongo na nauli peke yake. Lakini ladha ya chai ile ninayo ulimini hata leo. Kwa hiyo shauri langu la kwanza kwa kijana aliye kazini ni kwamba abadan asisaini siku ileile barua yoyote yenye maneno "naomba kuacha kazi," "nimeamua kwa hiari yangu," au "tumekubaliana kwa pande zote mbili." Aseme kwa taadhima kwamba ameisikia, na kwamba anaomba nakala akaisome nyumbani na kushauriana na wazee wake. Hakuna mwajiri mwenye insafu atakayekataa neno hilo, na atakayelikataa amekwisha kujitangaza. Na kama ni kazi iliyogeuzwa kuwa mateso kwa makusudi, kwa kukatwa mshahara au kwa matusi, hata mtu akaona hawezi kuendelea, ajue kwamba sheria hiyohiyo ya 2004 inakutambua kulazimishwa kuacha kuwa ni kuachishwa. Ila sharti lithibitishwe, na kuthibitisha ni kazi ndefu ambayo barua ya unyenyekevu na shukrani huifanya kuwa muhali.

Barua inayotakiwa ni ya mwajiri. Iseme bayana tarehe ya kuanza kazi, tarehe ya kukoma, na sababu: kupunguzwa kwa wafanyakazi, kufungwa kwa mradi, au kumalizika kwa mkataba usiohuishwa. Pamoja nayo mtu adai cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake kisheria, si hisani ya mkubwa. Na fomu ya madai anapoijaza, asilete aibu za kijijini katika karatasi ya serikali: pale panapouliza sababu ya kutoka kazini, asiandike "niliacha," hata kama hivyo ndivyo alivyomwambia mkewe.

Tuje kwenye hiyo miezi 18, ambayo mtu huihesabu kwa vidole kulingana na mwaka alioanza kazi, ilhali Mfuko huihesabu kulingana na michango iliyoufikia. Hizi ni hesabu mbili tofauti. Mwajiri ana wajibu wa kupeleka ile asilimia 20, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Lakini kuna waajiri ambao hukata bila kupeleka, na slipu ya mshahara ikaendelea kuonyesha makato kila mwezi kwa herufi nzuri, na fedha zenyewe zikawa zimenunulia lori dizeli. Mfanyakazi huligundua jambo hili siku anapokwenda kudai, wakati kampuni imekwisha kung'oa kambi yake na kuhamia mkoa mwingine. Dawa yake ni mtu kuuliza taarifa ya michango yake angalau kila baada ya miezi mitatu, ofisini au kwa simu, na akiona pengo aseme angali ana meneja wa kumwambia, kisha aliarifu Mfuko wenyewe, ambao una mamlaka ya kumdai mwajiri na hata kumpeleka mahakamani. Na slipu zote azihifadhi. Najua zile karatasi ni laini, na wino wake hufifia katika unyevu wa masika. Basi azipige picha pia, na picha hizo ampelekee nduguye, kwa sababu simu nayo hupotea.

Mushkili mwingine wa hesabu hii ni wa namba. Kijana aliyeanza na mkandarasi wa barabara pale Nyakanazi, akahamia ujenzi wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, ile mitambo ya megawati 80 inayogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi, kisha akamalizia katika kampuni ya ulinzi, pengine aliandikishwa upya kila alipofika, akawa na namba tatu za uanachama. Katika namba ya kwanza ana miezi 11, ya pili 16, ya tatu tisa. Jumla ni 36, lakini karani akifungua namba moja tu haoni mtu aliyetimiza 18. Mwenye namba zaidi ya moja aombe ziunganishwe hima, kabla ya jambo lolote jingine, maana kuunganisha huchukua muda wake nako.

Sasa nieleze jambo lililo letu hasa, sisi wa Ngara na Biharamulo, ambalo mshauri wa Dar es Salaam hawezi kuliona akiwa mezani pake: jambo la majina. Katika lugha zetu za huku, sauti ya R na sauti ya L hukaa jirani kama nyumba zisizo na ua, na mtu yuleyule ameandikwa kwa R na padri aliyembatiza, kwa L na mwalimu aliyemwandikisha darasa la kwanza, na kwa R tena katika kadi ya Mfuko. Ongeza hapo jina la ubatizo lililoachwa, jina la baba lililotangulizwa, na jina la babu lililoingizwa wakati wa kitambulisho cha taifa kwa kuwa fomu ilitaka majina matatu. Kwa jirani hawa wote ni mtu mmoja anayefahamika hata kwa kikohozi chake. Kwa mashine ni watu watatu, na mashine haitampa mmoja fedha za mwingine. Jina la kadi ya Mfuko, jina la kitambulisho cha NIDA na jina la akaunti ya benki ni lazima yalingane herufi kwa herufi. Yasipolingana, kuna kiapo cha kuapa mbele ya wakili au hakimu, au kuna kurekebisha taarifa NIDA; na kila moja ya njia hizi ni nyepesi kwa mtu aliye kazini na mwenye nauli kuliko kwa mtu aliyekwisha kuikosa kazi.

Na hicho kitambulisho chenyewe, kwa watu wa mpakani, kina safari yake. Fao ni la raia, na katika wilaya ambazo zimepokea wakimbizi kutoka nchi mbili kwa miongo kadhaa, ambamo watu huoa ng'ambo ya mto na kuzikana ng'ambo ya mto, afisa huuliza maswali ambayo mtu wa Dodoma haulizwi. Wapo wanaochukia wakaondoka kwa hasira. Mimi nasema aende na cheti cha kuzaliwa, chake na cha mzazi kama kipo, na barua ya mtendaji wa kijiji inayomtaja na kuutaja mji wao. Ajibu maswali pole pole, kwa kuwa afisa naye ametumwa. Hasira ni haki yake, ila haina mahali pa kuandikwa katika fomu.

Ofisi ya Mfuko ya mkoa wetu iko Bukoba, na kutoka huku hadi huko ni kupita Biharamulo na Muleba, nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na pengine malazi ya usiku mmoja. Mwenye kufunga safari hiyo akiwa na upungufu wa karatasi moja amejitoza faini mwenyewe. Basi apige simu kwanza aulize orodha kamili. Aghalabu hutakiwa fomu ya madai iliyothibitishwa na mwajiri, barua ya kuachishwa, kadi au namba ya uanachama, kitambulisho cha taifa, picha, na taarifa za akaunti ya benki. Ile sehemu ya mwajiri katika fomu ndiyo ya kukimbilia, kabla kambi haijavunjwa na muhuri haujapakiwa katika sanduku. Akifika ofisini adai stakabadhi au namba ya kumbukumbu ya madai yake, aandike tarehe na kituo alichohudumiwa. Atakaporudi kuulizia, tofauti baina ya "nilileta zamani" na "nilileta tarehe hii, na kumbukumbu yake ni hii" ni tofauti baina ya mwombaji na mdai.

Kule nje ya milango ya ofisi, na siku hizi ndani ya simu pia, wapo vishoka. Kishoka huvaa vizuri, anajua majina ya wakubwa, na husema kwamba faili la mtu limekwama lakini kwa elfu hamsini litatoka kesho. Wengine hupiga simu wakijitaja kuwa watumishi wa Mfuko, wakataka namba ya siri ya benki ili "wathibitishe malipo." Mtu kupokea fedha zake hakuhitaji namba yake ya siri, namba hiyo ni ya kutolea. Aambiwe hivyo, simu ikatwe.

Yupo pia atakayeona kwamba hakuachishwa kwa haki, au amenyimwa kiinua mgongo na nauli ya kurudi kwao. Huyo njia yake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyowekwa kwa sheria nyingine ya 2004, ambayo haimtozi mlalamikaji ada. Ila Tume ina saa yake: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na madai mengineyo ndani ya siku 60. Wengi wetu hutumia siku hizo 30 kupumzika, kusalimia ndugu, kulima maharage, na kungoja ahadi ya meneja aliyesema "tutakupigia," na wanapoamka imekuwa siku ya 45, nao hulazimika kuomba ruhusa ya kuchelewa kabla hata ya kusikilizwa. Hakuna kinachozuia mambo mawili kwenda pamoja: fomu moja Tume, nyingine kwa Mfuko, na jembe shambani.

Mwisho kuna mwenye bahati, aliyepata kazi nyingine kabla miezi sita haijatimia. Fao linalipwa kwa asiye na kazi, basi aende akaarifu siku ileile, kwa kuwa majina ya waajiriwa wapya huufikia Mfuko huohuo, na fedha iliyopokelewa isivyo halali hudaiwa. Na karani wa kule alikoajiriwa akimpa fomu ya kujiandikisha kana kwamba ni mwanachama mgeni, aandike juu yake ile namba yake ya zamani, na airudishe kwa mikono miwili.